Ghala la Uani: Maji Kwanza, Kufuli Baadaye

Mtu akikwambia kwamba ameazimia kujenga ghala dogo uani kwake, nawe ukamwuliza mipango imefika wapi, aghalabu utamsikia akianza na habari za mlango: kwamba ameagiza mlango wa chuma, kwamba fundi wa kuchomelea amekwisha kuja kupima, na kwamba kufuli atakalolitia halivunjiki kwa nyundo wala kwa nondo. Hofu ya mwizi ni hofu ya haki, maana mali ya mtu ni jasho lake. Walakini katika miaka yote niliyosimamia kazi za uashi na useremala katika mwambao huu wa Tanga, Muheza na Pangani, mali niliyoiona ikiteketea ndani ya maghala kwa unyevu, kwa mchwa, kwa panya na kwa kuvu imeizidi mbali ile iliyochukuliwa na wezi. Na ukiichimbua hasara hiyo mpaka shinani, utakuta kwamba maji ndiyo yaliyotangulia, kwa kuwa mchwa huandama ardhi iliyo chepechepe, kuvu haioti pakavu, na bati halishiki kutu ila kwa kuloa. Kwa hiyo nataka kueleza hapa, kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu, jinsi ghala linavyopangwa na kujengwa na mtu aliyeyafikiria maji tangu siku ya kwanza, akaliacha kufuli lije mwisho wa hesabu.

Ghala halipangwi kwa ukubwa wa uwanja uliobaki, wala kwa idadi ya matofali yaliyosalia ilipokwisha nyumba kubwa, ingawa hivyo ndivyo maghala mengi yanavyozaliwa. Hupangwa kwa vitu vitakavyokaa ndani yake, kwani kila kitu kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamuru sakafu iweje, dirisha likae wapi na rafu ziwe za namna gani. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huvuta unyevu wa hewa hata kama haukuguswa na tone la mvua, na ukiegemezwa ukutani au kulazwa sakafuni, kwa muda wa miezi mitatu hivi utakuwa umeanza kufanya mabonge yasiyosagika kwa vidole, nao haufai tena kwa kazi ya zege. Mbolea ya chumvichumvi huyeyuka na kugandamana, tena hula chuma kilicho karibu nayo. Majembe, mapanga na misumeno hutaka hewa kavu. Mkaa hutaka pasipofika mvua wala cheche. Mahindi, mpunga na kunde hutaka zaidi ya hayo yote, nami nitarudi kwa vyakula hivyo baadaye kwa urefu. Ama mafuta ya taa, petroli, mitungi ya gesi na dawa za kuulia wadudu, hivyo havina ruhusa ya kulala chumba kimoja na chakula, hata viwe vimefungwa namna gani. Na mwenye kutaka kuviweka vyote chini ya paa moja hana budi kupandisha ukuta wa kati mpaka ufike kwenye bati, na kila upande aupe mlango wake. Matofali 50 na kitu ya ukuta huo ni thamani ndogo mbele ya chakula cha aila nzima kilichonuka dawa.

Vitu vikishaorodheshwa ndipo tuje kwenye vipimo. Kwa aila ya wastani, yenye shamba la ekari mbili tatu na zana za kawaida, mimi hupendelea jengo la mita 3 kwa mita 4, kipimo cha nje. Nafasi yake yatosha, lakini kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: jengo la vipimo hivyo hujisahihisha lenyewe, kwa kuwa ukipigilia mambo nne na kuzungusha kamba, kamba ya kutoka pembe hii kwenda pembe ya mkabala haina budi kuwa mita 5 kamili, na ya pili vivyo hivyo, ikizidi au ikipungua hata kwa vidole viwili, pembe zimepotoka, na bati halitalala sawa juu yake. Kuta zikipewa kimo cha mita 2.4 upande wa mbele na mita 1.9 upande wa nyuma, jengo hili hula matofali ya saruji ya inchi 6 yapatayo 320, ukichanganya na safu mbili za msingini na yale yatakayovunjika njiani. Na jamvi lake la zege, likiwa na unene wa sentimita 10, hula mifuko 7 au 8 ya saruji. Nazitaja hesabu hizi ili msomaji amkabili muuzaji na fundi akiwa na tarakimu mkononi, maana mwenye nyumba asiyejua idadi huwa mateka wa kila anayeijua.

Sasa mahali. Sheria iko mbele ya yote: katika mji uliopimwa, mtu na aende ofisi ya mipango miji ya halmashauri yake aulize kibali na umbali unaotakiwa kutoka mpakani, kisha azitafute bikoni za kiwanja chake azione kwa macho, kwa sababu ghala lililopanda juu ya mpaka wa jirani huvunjwa hata likiwa zuri. Baada ya sheria huja maji. Nilipata kumwona mama mmoja wa Pangani, mjane mwenye shamba la minazi, aliyemzuia fundi asitie jembe mahali alipokwisha kuweka kamba. "Fundi, mwanangu," alimwambia, "hapo ulipopima maji ya masika yanapita hapo. Ngojea mvua ipige, uje utazame." Fundi akasema, "Lakini bibi, kazi itasogea wiki nzima." "Isogee," akajibu, "ghala nitakaa nalo mimi." Mvua ilipopiga, fundi aliitwa akasimama barazani, akaona mkondo wa upana wa mkeka ukikata uani kutoka kwenye ua wa minyaa hadi chini ya mwembe, ukipita katikati kabisa ya pale zilipokuwa mambo zake. Ghala lilisogezwa hatua kadhaa kuelekea juu, na mpaka leo halijaingia maji.

Asiyeweza kungojea mvua azisome alama zake ardhini, nazo si haba kwa mwenye kutazama: mchanga mwembamba uliopangwa kwa mistari, takataka na majani makavu yaliyojikusanya upande mmoja wa mashina, mstari wa ukijani chini ya ukuta wa ua, na nyasi zinazobaki mbichi wakati nyingine zimekauka. Penye alama hizo usijenge. Kadhalika usijenge karibu na karo la maji machafu, wala chini ya tawi zito la mwembe, wala ukutani mwa nyumba kubwa kwa ajili ya kuokoa ukuta mmoja. Acha upenyo wa mita moja walau, ili mtu aweze kupita na taa akazikagua pande zote nne, kwa maana mchwa hupenda mno mahali pasipopitwa na mtu.

Ama uelekeo wake, sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta jua hutupitia juu ya vichwa, likituchoma zaidi asubuhi kutoka mashariki na alasiri kutoka magharibi. Basi kuta fupi ndizo zielekezwe huko, na kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Mvua ya masika hutujia pamoja na kuanza kwa pepo za kusi, nayo hupiga kwa ubavu kutoka upande wa kusini na kusini mashariki. Kwa mujibu wa hayo, ghala la mteremko mmoja lielekeze mgongo wake wa kimo kifupi kusini, paa likishuka huko mpaka chini kabisa, na uso wake wa kimo kirefu, wenye mlango na matundu ya hewa, uitazame kaskazi, ambayo ni pepo kavu ya kiangazi na rafiki mkubwa wa kila kitu kilichowekwa akiba.

Nikiulizwa ni wapi fedha ya ghala itumike bila ubahili, nitajibu: kuanzia gotini kwenda chini. Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoiba, na wenye nyumba wengi wanapokubali kuibiwa, kwa sababu kazi ya chini hufunikwa na haionekani tena. Maji hupanda ndani ya zege na tofali kama mafuta yapandavyo katika utambi, wala hayangoji mvua. Yale yaliyomo ardhini tangu masika yaliyopita yatosha kulowesha sakafu kiangazi kizima. Ili kuyakata, kwanza uondolewe udongo wa juu wenye mizizi, mpaka ardhi ngumu. Kisha kimwagwe kifusi au moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake mchanga kidogo wa kulainisha, ili mawe yasitoboe kitakachofuata. Na juu ya mchanga itandazwe nailoni nzito isiyo na tundu, vipande vyake vikilaliana kwa sentimita 30, na kingo zake zikunjwe kupanda ukutani. Hapo ndipo jamvi limwagwe, kwa kipimo cha saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na uso wake ukae juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 20 walau. Zege likishamwagwa halikaushwi na jua kama wadhanivyo wengi. Hukomaa kwa maji, nalo lifunikwe magunia yaloweshwe kwa siku 7 mfululizo, na lisibebeshwe mzigo mzito kabla ya siku 28, ambazo ndizo zinazohesabiwa kuwa za ukomavu wake.

Anayelirithi ghala la zamani, au anayetilia shaka kazi ya fundi wake, anayo njia rahisi ya kupata yakini. Achukue kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, akilaze juu ya jamvi lililokwisha kukauka, abandike kingo zake zote kwa utepe wa gundi, akiache usiku na mchana. Akikifunua akakuta matone yamejipanga upande wa chini, na saruji ya mahali hapo imegeuka rangi ikawa nyeusi kuliko nyingine, ajue maji yanapanda, na kitu chochote atakachokilaza sakafuni kitaoza kutoka chini, huku juu kikionekana kizima. Dawa yake ni kumwaga jamvi la pili juu ya nailoni mpya. Na hata penye sakafu kavu, mifuko haikai chini: hukaa juu ya vichaga vya mbao, hewa ipite chini yake, na iachane na ukuta kwa upana wa shubiri.

Kuta hazina maneno mengi. Tofali liwe limekomaa, lisivunjike likiangushwa kutoka kimo cha kiuno. Safu ziende kwa kamba na timazi. Na pembezoni zifungamane. Jambo moja tu nalitilia mkazo, kwa kuwa tunaoishi karibu na bahari twajaribiwa nalo kila siku: mchanga wa ufukweni usitiwe katika kazi, hata ukipewa bure, kwa sababu chumvi iliyomo huvuta unyevu maisha yote ya jengo, hubandua lipu kwa maua meupe, na hula nondo za lenta ndani kwa ndani. Mchanga uwe wa mtoni. Lipu ya ndani ipigwe laini bila nyufa, wadudu wasipate maficho.

Wala si lazima ukuta uwe wa tofali. Mwambao wetu umejenga kwa miti na udongo kwa karne nyingi, tena kwa ustadi, na miti yenyewe ilikuwa ya mikoko, iliyokatwa na kupangwa kwa majina ya unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Biashara ya miti hiyo ndiyo iliyoyapeleka majahazi ya Lamu na ya delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kujengea. Na urefu wa boriti moja ndio uliowalazimisha waashi wa Lamu na Unguja kuvifanya vyumba vya majumba ya mawe viwe vyembamba, vya mita 2.5 au 3 hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri wa kupindukia. Boriti ya mkandaa au ya mkoko iliyokatwa kwa wakati wake haishikwi upesi na mchwa, na ikiwa chini ya paa zuri humzika aliyeijenga. Hata hivyo mimi, nikiwa ni mtu ninayeipenda miti hiyo na ninayeijua kazi yake, simshauri mwenye ghala la uani kuitumia leo. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Tanzania Bara ukataji wake hautakiwi bila kibali cha wakala wa misitu. Na kila anayeishi kando ya bahari ameona jinsi ufuo unavyoliwa na mawimbi pale mikoko ilipofyekwa, na jinsi kamba na samaki wanavyopungua. Kwa nguzo na kenchi za jengo dogo, milingoti iliyotiwa dawa yatosha, na mtu wa Tanga ana fahari ya kuwa jirani wa msitu wa misaji wa Longuza, wilayani Muheza, ambao miti yake ilipandwa ili ivunwe.

Sasa tuangalie juu. Paa la ghala letu, likitokeza upenu wa sentimita 60 mbele na nyuma na sentimita 40 ubavuni, litafunika eneo la mita za mraba 20. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuimwaga kwa usiku mmoja, itateremsha kutoka paa hilo dogo lita 1,000. Na kwa kuwa ni la mteremko mmoja, lita hizo zote zitaanguka katika mstari mmoja nyuma ya ghala, zikichimba handaki kandokando ya msingi ambao mwenyewe ameugharimia. Nimekwenda nyuma ya maghala ya watu nikakuta handaki hilo, tofali la chini likiwa uchi na limeota ukijani, na mwenye ghala akishangaa kwa nini ukuta wa ndani unalowa. Mlizamu wa bati pamoja na pipa au tangi si anasa katika jengo la namna hii. Ni sehemu ya msingi wake, na maji yatakayokusanywa ni faida juu ya faida. Asiyeweza kuununua achimbe mfereji, autandike kokoto, auelekeze bondeni.

Mteremko wa sentimita 50 kwa upana wa mita 3 wafaa kwa bati. Bati la mita 2 likilaliana na la mita 2.5 kwa sentimita 20, la juu likilifunika la chini, urefu wote wa paa na upenu wake hupatikana bila kukata wala kupoteza kitu. Namba ya geji ikipanda unene hupungua, na wauzaji hawasemi hivyo mpaka waulizwe. Karibu na bahari nachagua geji 28, na kama fedha yaruhusu, lile lililopakwa zinki na aluminiamu, kwa kuwa hewa ya chumvi hulimaliza bati jembamba kwa muda mfupi. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe usipigwe katika bonde, maana bondeni ndimo maji yapitamo. Tena uwe na kofia na mpira wake. Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa mikanda ya chuma, kwani upenu mpana ni mkono wa kuufungulia upepo. Makuti ya viungo ni baridi na mazuri, nami ninayo mapenzi nayo, lakini yataka mteremko mkali, hukaribisha panya, na hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache; kwa ghala la chakula nimeyaacha.

Nimeahidi kurudi kwenye nafaka, na hapa natamani msomaji asikimbie. Mwaka 2004 huko Ukambani nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 walioandikwa waugue, na 125 kati yao wakafa. Na walipochunguzwa waliougua na wasiougua, ilionekana kwamba waliougua walikuwa wameyaweka mahindi yangali na unyevu, tena ndani ya nyumba walizolala, na sio ghalani. Mwaka 2016 sumukuvu ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, na kuvu inayoitoa hutaka unyevu na joto, ambavyo mwambao unavyo tele. Basi ghala si jambo la unadhifu wa ua peke yake. Ni jambo la uhai.

Lakini jengo, hata liwe zuri namna gani, halikaushi nafaka. Kazi yake ni kuhifadhi ukavu ulioingizwa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au jamvi, kamwe yasianikwe juu ya udongo, mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13. Mkulima asiye na kipimo cha kisasa anayo chupa na chumvi. Atie chupani viganja viwili vya mahindi na kiasi kidogo cha chumvi kavu, vyote viwe vikavu na chupa iwe kavu, afunge, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikibaki imenata kwenye kioo cha ndani, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, hapo unaweza kuyafunga. Mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, ikifungwa kila tabaka peke yake, huwanyima wadudu pumzi na kuondoa haja ya dawa. Ila ikitobolewa na panya haina kazi tena, na hiyo ndiyo sababu mfuko mzuri hauwezi kushika nafasi ya ghala zuri. Wazee wetu waliweka mazao uchagani juu ya meko, moshi ukiyakausha na kuwafukuza wadudu. Sisi tuliohamia kwenye majiko ya gesi na mkaa tumeupoteza moshi huo, na hatuna budi kuliziba pengo lake kwa matundu ya hewa yaliyowekwa juu, chini ya upenu, pande mbili zinazotazamana, yakizibwa kwa wavu wa chuma wenye vijitundu visivyozidi milimita 6. Yafunguliwe mchana wa jua, yafungwe usiku na siku za mvua.

Wadudu wa mbao na wa nafaka si mbali na mbali kama tudhanivyo. Dumuzi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ambaye Afrika ilimjua kwanza huko Tabora kati ya miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, hutoboa mahindi na muhogo mkavu, lakini hutoboa na mbao pia, akajificha humo msimu hata msimu. Mtu husafisha ghala, akalifagia, akatia mahindi mapya, na baada ya wiki chache hukuta unga chini ya mifuko. Adui alikuwa ndani ya mbao za vichaga. Mbao zote za ndani zianikwe juani kila mwaka kabla ya mavuno, zikaguliwe tundu kwa tundu, na iliyotobolewa ichomwe. Mchwa, yeye hupita kwa njia ya udongo anayoijenga juu ya ukuta, na kwa hiyo huonekana na mwenye kutazama: nusu mita kuzunguka ghala lote ibaki wazi, bila kuni, bila majani, bila magunia yaliyoegemezwa, ili njia hiyo ivunjwe siku ileile inapoanza. Oili chafu wanayoipaka wengi kwenye nguzo siikubali penye chakula.

Sasa mlango, na sitautendea zaidi ya haki yake. Ufunguke kwa nje, usipoteze nafasi ya ndani. Upana wake uingize toroli. Kizingiti kiinuke kuliko sakafu ya nje. Na ukingo wake wa chini ukandikwe bati, nafasi isizidi upana wa penseli, maana panya mchanga hupita patupu pasipodhaniwa. Kitasa kiwe chochote.

Masika hushuka mwezi wa Machi, na mavuno yake huingia Julai na Agosti. Zege lataka siku zake 28, kuta zataka kukauka kabla ya lipu, na lipu yataka kaskazi ili ikauke vizuri. Anayeanza Aprili hujenga katika matope na hufunga unyevu ndani ya kuta zake. Kwa hiyo namsihi kila mwenye azma hiyo mwaka huu: aitazame vuli inaponyesha, aandike maji yanapita wapi katika ua wake, na mchanga, kokoto na kifusi viwe vimekwisha kufika kabla ya Januari kumalizika.